Barua Hukaa kwa Aliyeipokea: Historia Fupi ya Ukusanyaji wa Miandiko ya Waandishi

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuigawa kazi ya fasihi kwa watu wawili, fanani na hadhira. Mmoja anatunga, mwingine anapokea, na semina nzima inaweza kwisha tukibishana nani kati yao ndiye mwenye maana. Makala haya yanamleta mtu wa tatu ambaye hatajwi sana darasani. Huyu ni yule aliyepewa karatasi na mwandishi, akaisoma, kisha badala ya kuifungia vitumbua akaiweka sandukuni.

Lengo letu ni kuangalia historia ya kukusanya barua za mkono na picha zenye saini za waandishi mashuhuri. Najua wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa Ulaya wenye fedha za kuchezea. Kwa sehemu wanasema kweli, na hilo tutaliona. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba historia ya fasihi yetu ya Kiswahili nayo imejengwa juu ya karatasi ambazo mtu fulani aliamua kuzitunza, na kwa kawaida mtu huyo hakuwa mwandishi mwenyewe. Ukitaka barua za mwandishi, usizitafute kwake. Zitafute kwa aliyeandikiwa. Na hapo ndipo linapozuka swali zito zaidi: aliyeandikiwa alikuwa nani, aliishi wapi, na alikuwa na uwezo gani wa kutunza?

Cicero na Shakespeare

Mfano wa kale unaojulikana sana ni wa Cicero, msemaji mkubwa wa Roma aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo. Waliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, wanamkumbuka kama mhusika mdogo anayepita jukwaani. Barua zilizosalia katika mkusanyo wake, pamoja na chache alizoandikiwa, ni zaidi ya 900, na sehemu kubwa zilikwenda kwa rafiki yake Atticus. Mwaka 1345 mshairi Petrarca alizikuta barua za Atticus katika maktaba moja ya Verona, Italia, akazinakili. Kwa barua hizo tunamwona Cicero ambaye hotuba zake zinamficha: mtu mwenye hofu, mwenye kusitasita, anayemlilia binti yake aliyefariki. Je, Atticus alimjibu nini? Hakuna hata barua moja ya Atticus kwa Cicero iliyosalia. Tunasikiliza mazungumzo ya watu wawili kwa sikio moja tu.

Kwa Shakespeare mambo ni kinyume. Saini ambazo wataalamu wengi wanakubali kuwa ni zake ni 6, na zote zimo katika hati za kisheria. Barua aliyoiandika yeye haijapatikana hata moja. Iliyopo ni moja aliyoandikiwa, ya tarehe 25 Oktoba 1598, kutoka kwa Richard Quiney, mtu wa kwao Stratford, akiomba mkopo wa pauni 30. Hebu fikiri: mtunzi wa tamthilia tunayoijua kama Mabepari wa Venisi, naye anaombwa mkopo! Barua hiyo imesalia kwa sababu, kwa jinsi inavyoelekea, haikumfikia. Ilikutwa miongoni mwa karatasi za Quiney mwenyewe. Ingemfika mwenyewe, huenda leo tusingekuwa nayo.

Saini inapogeuka bidhaa

Karne ya 19 ilibadili mambo. Uingereza ilianzisha posta ya peni moja mwaka 1840, wasomaji wakaongezeka, riwaya zikawa zinatoka kwa mfululizo katika majarida. Mwandishi akawa mtu wa kupigiwa kelele barabarani, kama wachezaji mpira na wanamuziki wa siku hizi. Mwaka 1854 mpigapicha André Disdéri wa Paris alijipatia hataza ya njia ya kutengeneza picha ndogo za kubandikwa kwenye kadi. Bamba moja liliweza kutoa picha kadhaa, bei ikashuka, na watu wa kawaida wakaanza kujaza albamu zao sura za wafalme, waigizaji na waandishi. Picha yenye saini ilikuwa na hadhi zaidi, maana ilionyesha kwamba mkono wa mtu mwenyewe umeigusa karatasi.

Tunaona hapa jinsi ubepari unavyofanya kazi. Kitu kilichokuwa uhusiano kati ya watu wawili kinapata bei, kisha bei inaanza kukiharibu. Baadhi ya wakusanyaji walikuwa wanakata saini kutoka mwisho wa barua, wanaibandika kwenye albamu, na barua yenyewe wanaiacha. Ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mkia.

Soko lilizaa na matapeli. Kisa cha Vrain-Lucas wa Ufaransa kinastahili kusimuliwa. Huyu bwana alimuuzia mwanahisabati maarufu Michel Chasles maelfu ya barua za kughushi, zaidi ya 27,000 kwa jumla. Zilikuwemo barua za Pascal zilizodai kuonyesha kwamba Mfaransa huyo ndiye aliyegundua kani ya uvutano kabla ya Newton. Zilikuwemo barua za Cleopatra na za Maria Magdalena. Na zote, jamani, ziliandikwa kwa Kifaransa! Chasles hakuwa mjinga. Alikuwa mmoja wa wanajiometria wakubwa wa wakati wake. Lakini barua za Pascal zilimwambia jambo ambalo Mfaransa yeyote angependa liwe kweli. Vrain-Lucas alihukumiwa kifungo cha miaka 2 mwaka 1870. Funzo kwa mhakiki ni wazi: karatasi inayotufurahisha mno ndiyo ya kuichunguza mara mbili.

Wapo waandishi walioukataa mchezo wote. Mwezi Septemba 1860 Charles Dickens aliwasha moto nyumbani kwake Gad's Hill akachoma barua alizopokea kwa miaka mingi. Alikuwa na haki yake. Barua ni siri ya watu wawili, na wa tatu huwa anadukiza. Ila angalia alichochoma: alichoma barua za wengine kwake. Zake yeye zilikuwa tayari zimetawanyika kwa watu, hakuwa na uwezo wa kuzifuata, na ndiyo maana maelfu yake yapo hadi leo.

Katika kundi hilo la wakusanyaji alikuwepo pia mtu kama Stefan Zweig, mwandishi wa Austria, ambaye hakutafuta saini tupu. Yeye alitaka karatasi za kazi, zenye mistari iliyofutwa na maneno yaliyoongezwa pembeni, ili aone utunzi ukiwa bado unatafuta njia. Alikimbilia uhamishoni, akafariki Brazil mwaka 1942, na mwaka 1986 warithi wake wakautoa mkusanyo huo kwa Maktaba ya Uingereza. Basi, wakusanyaji si kabila moja. Yupo anayependa jina na yupo anayependa kazi.

Pwani: jina ndani ya ubeti

Mtu atauliza: sisi yatuhusu nini haya? Yanatuhusu, ila kwetu yalichukua sura nyingine. Katika utamaduni wa tendi za pwani, mtunzi aliweza kuweka jina lake na tarehe ndani ya beti za mwisho. Saini haikukaa chini ya karatasi kama mhuri; ilikuwa sehemu ya utungo. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mfano mzuri. Ukiuangalia vizuri, utendi ule wenyewe ni kama barua: mama mgonjwa anamwusia binti yake, Mwana Hashima, na tangu mwanzo anamtaka akae chini na karatasi na wino. Mpokeaji ndiye anayeandikishwa.

Jambo hili lina matokeo yake. Mkusanyaji wa Ulaya anataka ile karatasi moja iliyoguswa na mtunzi. Katika utamaduni wetu, anayenakili utendi kwa uaminifu ananakili na jina la mtunzi pia, hivyo nakala haikuwa kitu cha kudharauliwa. Tendi nyingi za kale tunazozisoma leo zilitufikia kwa mikono ya wanakili, na hati ya mtunzi mwenyewe ilikwisha liwa na mchwa na unyevu wa pwani zamani sana. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, yasingetufikia kama tunavyoyajua bila Mwalimu Sikujua kuyakusanya kutoka vinywani mwa wazee, akishirikiana na mmishenari William Taylor. Kisha karatasi zilikwenda Uingereza, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Diwani ya mtu wa Mombasa ilipitia London na Afrika Kusini ndipo ikaturudia sisi.

Kijuma na wateja wake

Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mwandishi wa khati nzuri mno. Wazungu waliotaka miswada ya Kiswahili walimwendea yeye. Alice Werner, aliyekuja kuwa profesa wa Kiswahili London, alimfahamu. Hichens aliandikiana naye. Mjerumani Ernst Dammann alifanya naye kazi Lamu mwaka 1936. Kijuma alinakili tendi, akatia nakshi, akapeleka, akalipwa. Aliandika na barua kwa hati ya Kiarabu, na barua hizo pamoja na miswada zimetunzwa London, katika Chuo cha Masomo ya Mashariki na Afrika, na Berlin. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha Ujerumani kitabu kikubwa kilichotokana na karatasi hizo.

Hapa tusiwe wepesi wa kulaumu wala wa kushukuru. Ni kweli kwamba bila wapokeaji hawa tungebaki na kumbukumbu za mdomo tu kuhusu Kijuma. Ni kweli vilevile kwamba walikuwa wageni katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, wenye fedha na meli za posta, huku mzee wa Lamu akiwa na kalamu yake. Mpokeaji ndiye anayeagiza. Akitaka tendi za kale, zitanakiliwa tendi za kale. Asipouliza nyimbo za ngoma za mwaka huo, nani atamlipa mnakili aziandike? Kwa maneno mengine, mkusanyo hauhifadhi fasihi kama ilivyokuwa. Unahifadhi fasihi kama ilivyoulizwa. Mhakiki anayesoma mswada wa Kijuma bila kujiuliza ulikuwa unapelekwa kwa nani, anasoma nusu yake.

Yusuf Ulenge na barua za kaka yake

Tuje Tanga. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931–1958, mhariri akiwa M. M. Mulokozi. Barua hizo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Nadhani tumekipitia kitabu hiki haraka mno. Tunakichomoa dondoo mbili tatu za kupambia tasnifu, basi.

Hebu tuhesabu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909. Mwaka 1931 alikuwa na miaka 22, karani wa Forodha, hana kitabu hata kimoja dukani. Mdogo wake alipoiweka barua ya kwanza, hakuwa anaweka barua ya mwandishi mashuhuri. Alikuwa anaweka barua ya kaka. Akaendelea hivyo kwa miaka 27, kaka akihamishwa kituo hadi kituo katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Tofauti na wakusanyaji tuliowaona Ulaya iko hapa: mkusanyaji wa saini huja baada ya sifa, akiwa tayari anajua bei. Ndugu huja kabla, wakati karatasi haina thamani yoyote isipokuwa ya damu. Fedha ya mnada haiwezi kurudi nyuma ikanunua barua ambayo ndugu aliitupa miaka 30 iliyopita.

Na barua hizo si sawa na tawasifu. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban Robert amevaa kanzu na koti. Anajua umma unamtazama. Katika barua amekaa barazani na msuli, anaongea na mdogo wake. Anayetaka kumhukumu kuwa alikuwa mwana mawazo tu, mhubiri wa adili asiyegusa ardhi, inampasa kwanza asome barua za mfanyakazi huyu wa mshahara mdogo aliyekuwa akipigania vitabu vyake. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, katikati kabisa ya miaka ya barua hizo.

Je, mhakiki anahitaji barua?

Wapo wenzetu, na baadhi ya walimu wetu pia, watakaosema kazi ya fasihi ijitosheleze. Watatukumbusha kwamba Roland Barthes alikwisha tangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Sawa. Nakubali kwamba barua haiwezi kutuamulia maana ya shairi. Mtunzi naye anaweza kukosea kuhusu shairi lake. Lakini barua na mswada vinatuambia jambo ambalo kitabu kilichopigwa chapa kinalificha, yaani hali ya uzalishaji wa kazi yenyewe. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilipotoka mwaka 1973, karatasi yake ilikuwa nyeupe na safi kama ya vitabu vingine vyote. Chapa husawazisha. Karatasi ya asili inakataa kusawazishwa.

Na picha je? Kwetu ilikuwepo, na bado ipo katika albamu za wazee, desturi ya kwenda studio, kupiga picha, kisha kuandika nyuma yake neno la ukumbusho kwa rafiki, jina na tarehe. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1930, na studio za namna hiyo zilikuwepo miji mingi. Mwandishi naye alikuwa mtu wa watu. Aliwapa jamaa zake picha. Mwenye albamu hudhani ana picha ya mjomba, kumbe upande wa nyuma kuna tarehe na mahali ambapo mwandika wasifu angepatafuta miaka.

Karatasi zinakwenda wapi?

Siku hizi wanunuzi wakubwa si watu binafsi tu bali vyuo. Kituo cha Harry Ransom cha Chuo Kikuu cha Texas kilinunua karatasi za Gabriel García Márquez mwaka 2014 kwa dola milioni 2.2. Mwandishi huyo wa Kolombia kwa miaka mingi alikuwa amewekewa vikwazo vya kuingia Marekani. Barua zake zimekaribishwa bila viza. Familia hailaumiki. Zimewekwa pazuri, na mtafiti anasoma. Lakini mwanafunzi wa Bogotá inabidi apande ndege, au ategemee kile ambacho Texas imekiweka kwenye mtandao.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba njia si hiyo moja. Bessie Head, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi Serowe, Botswana, alikuwa na tabia ya kuweka nakala za kaboni za barua alizoandika. Alikuwa mwandishi na mpokeaji wa barua zake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1986, karatasi zake zilibaki Serowe, katika Jumba la Makumbusho la Khama III, na watafiti wa dunia ndio wanaofunga safari kwenda kijijini. Hapa kwetu nako kazi iliwahi kufanyika: J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya chuo Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Wangapi kati yetu tumewahi kuifungua?

Hitimisho

Tumeona kwamba tamaa ya saini inaweza kuua barua, na kwamba soko linaweza kuzaa uongo. Tumeona pia kwamba kilichookoka kiliokolewa na wapokeaji: rafiki, mteja wa ng'ambo, mdogo wa mwandishi. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili asimcheke mkusanyaji. Amwulize: umehifadhi barua nzima au jina tu, na mwenye lugha hii anaweza kuisoma?

Kwa upande wetu wanafunzi, tunayo desturi ya kuanzia, nayo ni kunakili. Si lazima kuinyang'anya familia karatasi yake ili kuifaidi. Mwenye barua abaki nayo, aombwe ruhusa, nakala itengenezwe, na iandikwe nani alimwandikia nani, wapi, lini. Jambo hili ni la haraka, kwa sababu waandishi wetu wa leo wanaandikiana kwa simu. Ujumbe wa WhatsApp hauna mwandiko, na simu ikiibiwa kwenye daladala mazungumzo yote yanaweza kwenda nayo. Wale wazee waliopokea barua za wino wanazidi kupungua kila mwaka, na wajukuu wanaposafisha nyumba hawajui cha kubakiza. Anayeona kwamba nimewapa wapokeaji uzito kuliko wanavyostahili, uwanja wa jarida hili uko wazi, alete hoja zake.